Jembe la Bwana Soksi

Siku za Jumatano tuliamka kabla ya jogoo wa Bibi Jeni kuwika. Blanketi letu lilikuwa moja na chini yake tulilala watu wanne: mama, wadogo zangu wawili, na mimi. Akiamka mmoja wote tuliamka, kwa sababu baridi ya kwetu huingia pale pale alipotoka mwenzako. Nilichota maji kisimani, nikakoka moto, nikawapa wadogo zangu uji, kisha nikachukua kikapu changu na kumfuata mama njiani. Tulikuwa tunakwenda kwenye mgowe.

Mwaka huo wa 1954 nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na nilisoma darasa la nne. Kijiji chetu kilikuwa juu ya barabara itokayo Njombe kwenda Makambako, mahali ambapo ukungu wa Januari hukaa mpaka saa nne asubuhi. Ng'ambo ya mto, kutoka ukingoni hadi kwenye msitu wa miwati, kulikuwa na maua meupe ya pareto yasiyo na mwisho. Lile lilikuwa shamba la Bwana Soksi. Jina lake halisi lilikuwa refu, na hakuna aliyejisumbua nalo. Mvua inyeshe au jua liwake, alivaa soksi zinazofika magotini, na hilo lilitutosha.

Kama hukuzaliwa kwetu, pengine hujui mgowe ni nini. Shamba likikushinda, unapika togwa na makande, unawaita majirani. Wanakuja na majembe yao, wanalima huku wakiimba, wanakula, wanakunywa, wanarudi makwao. Humlipi mtu hata senti moja. Lakini siku wakikuita na wewe, unakwenda. Ukiugua, unamtuma mwanao. Hakuna mtu mzima katika kijiji chetu aliyewahi kula mgowe wa mwenzake akashindwa kuurudisha, na kama yupo, alihama.

Sasa miaka minne nyuma, nyapara wa Bwana Soksi, mtu wa kwetu aitwaye Hilari, alikuja kutangaza kwamba Bwana naye anaita mgowe. Maua yamefunguka kwa wingi na vibarua wake hawatoshi. Wazee walifurahi. Nasema kweli, walifurahi, na walijisifu kwa vijiji vingine kwamba Mzungu wao amekubali mila. Tukaenda, tukachuma, tukapewa ugali na maharage, na kila mtoto akapewa kipande cha sukari guru chenye ukubwa wa kidole gumba. Wiki iliyofuata akaita tena. Kisha ikawa kila Jumatano na kila Jumamosi, msimu mzima wa maua, mwaka baada ya mwaka. Mwalimu wetu alipiga kengele siku za Jumatano na kuta ndizo zilizomsikia.

Hatukuona kosa lolote. Mimi mwenyewe nililamba sukari ile nikamwona Bwana Soksi kuwa mtu mwema sana.

Njia ya kwenda shambani ilipita kando ya kamba za kuanikia nguo. Hapo ndipo alipofanya kazi Odilo, dobi wa Bwana Soksi. Alikuwa mtu wa Uwemba, mwembamba, mwenye maneno makali na mikono laini kwa sababu ya sabuni. Sisi watoto alituita "wakubwa wangu," maana alisema tunatembea kama watu wanaokwenda barazani.

"Kamwene, wakubwa wangu," alituambia asubuhi moja. "Mnakwenda wapi?"

"Kamwene, baba Odilo. Tunakwenda kwenye mgowe," alijibu Ema, binti wa mama mdogo.

"Wa nani?"

"Wa Bwana Soksi."

"Na yeye kwenu atakuja lini?"

Tulicheka sana. Hezekia, ambaye darasani hakuwahi kukosa la kuchekesha, alivuta suruali yake mpaka magotini, akainama, akaanza kulima hewa huku akisema "hapana taka matope, hapana taka matope," kama Bwana Soksi anavyosema. Tulizidi kucheka. Odilo hakucheka.

"Yahesabuni mashuka haya," alisema.

Tuliyahesabu kambani. Yalikuwa kumi na mawili.

"Nyumba ile ina watu wangapi?"

"Wawili. Bwana na Memsabu."

"Na kwenu, Telesia?"

"Wanne."

"Mashuka mangapi?"

Nilitazama miguu yangu.

"Mbona unatazama chini?" aliuliza Odilo. "Nimekuuliza habari za mashuka, sikukuuliza kama umeiba. Tena wewe huchumi maua machache kuliko mwenye shamba. Nendeni basi, mnachelewa. Lakini swali langu la kwanza hamkunijibu."

Tulikwenda. Njiani Ema alisema dobi yule ana wivu. Nilikubaliana naye, kwa sababu ni rahisi zaidi kumwona mtu ana wivu kuliko kujibu swali lake.

Wiki hiyo hiyo waya wa kapu la shambani ulimchoma mama mkononi. Mwanzoni alifunga kitambaa, akaendelea kuchuma. Siku ya nne mkono ulivimba mpaka kwenye kiwiko, ukaanza kutoa usaha. Bibi Jeni, jirani yetu na mchumaji hodari kuliko wote, aliutazama akasema, "Lucia, huu ni mkono wa kwenda hospitali ya Ilembula. Usingoje kesho."

Baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda kukata mkonge Tanga, mwaka wa pili huo. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza mama hospitali. Dereva wa lori la pareto alikubali kutupeleka mpaka Makambako, tukipanda juu ya magunia. Juu huko tulimkuta Odilo, naye anakwenda Makambako kununua sabuni na wanga. Alimwekea mama koti lake mgongoni na njia nzima hakusema neno la kuudhi mtu.

Makambako tulishuka mbele ya ghala. Mama alikaa kivulini kando ya duka, akiushika mkono wake kama mtoto mchanga. Wapagazi walianza kushusha magunia. Kila mpagazi alibeba gunia moja kutoka kwenye lori hadi mlangoni mwa ghala, akalitua, na karani aliyekaa hapo kwenye kiti akampa sarafu. Akarudi, akabeba lingine, akapewa sarafu nyingine.

Nikaona gunia langu. Nililijua kwa sababu siku tulipolifunga kamba ilikuwa imekwisha, nami nilichana pindo la kaniki yangu nikalifungia. Kitambaa cheusi kilikuwa bado kinaning'inia sikioni mwa gunia.

"Baba Odilo, lile langu," nilisema.

"Lako?"

"Nimelijaza mimi na Ema. Nikalifunga mimi."

"Basi nenda kwa karani, upokee malipo yako."

Sikujua kama ananitania. Nilikwenda. Nilimwamkia karani, nikamweleza kwamba lile gunia lenye kitambaa cheusi nimelijaza mimi. Karani alinitazama, akatazama miguu yangu yenye tope la kijijini, akawaambia wapagazi. Wakacheka wote.

"Mtoto, magunia haya ni ya Bwana," alisema karani. "Toka hapo, usije ukaangukiwa."

Nilirudi kwa Odilo masikio yakiwaka.

"Amesemaje?"

"Kasema ni la Bwana."

"Na yule aliyelibeba?"

"Kalipwa."

"Kalibeba hatua ngapi?"

"Labda ishirini."

"Wewe ulichuma siku ngapi mpaka likajaa?"

Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani. Nilimkasirikia karani, nikamkasirikia Odilo kwa kunituma, nikaikasirikia sukari guru. Tulitembea na mama mpaka Ilembula, na kila nilipohesabu hatua ishirini nilianza tena moja.

Hospitali walimpasua mama mkono, wakautoa uchafu, wakaufunga vizuri. Mganga alisema asishike jembe kwa wiki sita. Mama alisema, "Ndiyo, bwana mganga." Lakini tulipokuwa tunarudi niliona anatazama mashamba ya watu kando ya njia, jinsi mahindi yalivyopaliliwa, na machozi yanamtoka bila sauti.

Mahindi yetu yalikuwa hayaonekani. Palizi ya kwanza tuliifanya nusu, kwa sababu Jumatano na Jumamosi tulikuwa kwa Bwana, na siku nyingine mvua ilinyesha. Sasa magugu yalikuwa yamefika kiunoni.

Jioni hiyo mama aliniambia mambo waziwazi, kama mtu mzima anavyomwambia mtu mzima. "Telesia, shamba hili likipotea siwezi kulisha watu wanne. Nimefikiri. Wadogo zako bado wadogo, hawawezi kutoka. Wewe utakwenda Iwawa kwa shangazi yako Oktavia, umsaidie kulea mtoto na kulima viazi. Huko utakula."

"Na shule, mama?"

"Huko hakuna atakayekulipia shule."

Nilisema nitalima mwenyewe. Mama alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasema tutaita mgowe siku ya Ijumaa, maana Ijumaa si siku ya Bwana. Tukajaza mtungi togwa kwa ulezi wa mwisho tuliokuwa nao. Nilizunguka nyumba zote kualika watu, na wote wakasema watakuja. Mama alikuwa hajakosa mgowe wa mtu hata mmoja.

Alhamisi jioni Hilari alipita na baragumu lake. Jua limewaka siku mbili, alisema, maua yamefunguka yote kwa pamoja, na Bwana anaita mgowe kesho Ijumaa pia.

Ijumaa walikuja watu wawili, Bibi Jeni na mama yake Ema. Tulipalilia mpaka mchana, tukamaliza mistari sita. Wengine walikwenda kwa Bwana. Hawakuwa watu wabaya. Mgowe wa mjane au wa mke aliyeachwa peke yake unaweza kusubiri. Mgowe wa Mzungu nani angethubutu kuukosa? Togwa yetu ilibaki ikachacha, mama akaimwaga nyuma ya nyumba, na kuku wakaishangaa.

"Baada ya Pasaka utakwenda Iwawa," alisema.

Kesho yake sikwenda kuchuma. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kamba za nguo. Odilo alikuwa anapiga pasi, mkaa ukilia ndani ya pasi yake nzito.

"Nimekuja kukujibu," nilisema.

"Swali lipi?"

"Uliuliza atakuja kwetu lini. Haji. Miaka minne haji, na sisi tunakwenda. Kwa hiyo ule si mgowe."

Odilo aliinua pasi, akaiweka pembeni. "Kama si mgowe, ni nini?"

"Ni kazi ya bure."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimeona Makambako."

Odilo alisema kwa sauti ya chini, bila utani wowote, "Telesia, mimi nafua nguo za nyumba ile mwaka wa saba. Najua wanakula nini, najua wanatupa nini. Nyama wanayompa mbwa, nyumbani kwako hamjaila tangu Krismasi. Watu hudhani umaskini ni mvua, unanyesha tu kutoka juu, hakuna wa kuulizwa. Si mvua. Jumatano yako na Jumamosi yako zimevuka mto, zimekuwa mashuka kumi na mawili. Ndiyo maana kwenu hakuna shuka na shamba lina magugu. Si kwa sababu mama yako ni mvivu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Mimi pia, moyoni mwangu, nilikuwa nimeanza kudhani mama ni mvivu.

"Basi tumwalike," nilisema.

"Nani?"

"Bwana Soksi. Aliita mgowe, tukaja. Sasa sisi tunaita, na yeye aje. Ndiyo mila, si ndiyo?"

Pasi ilianza kuunguza ubao, Odilo akaidaka haraka. "Mimi sikukufundisha hilo," alisema, akaanza kucheka peke yake mpaka akajifuta macho kwa shati la Bwana.

Nilimwambia Ema, Ema akamwambia Hezekia, na Hezekia hakuna asiyemwambia. Jumatano iliyofuata tulikuwa watoto ishirini na wawili. Hatukuchukua vikapu. Tulichukua majembe, tukapita kwenye maua bila kusimama, wazazi wetu wakiwa wameinama wanachuma, tukaenda kusimama mbele ya baraza la Bwana Soksi. Tulitetemeka. Asikudanganye mtu kwamba shujaa hatetemeki.

Hilari alikuja mbio. "Mna wazimu? Vikapu viko wapi?"

Bwana Soksi alitoka na kikombe cha chai mkononi. "Nini hii?" alisema. "Kwa nini toto hapana fanya kazi?"

Nilipiga hatua moja mbele. "Shikamoo, Bwana. Mimi ni Telesia, binti wa Lucia. Tumekuja kwenye mgowe wako miaka minne. Jumamosi hii mama yangu anaita mgowe. Tumekuja kukualika. Uje asubuhi, uje na jembe. Kama huna, tutakuwekea."

Kiswahili cha Bwana Soksi kilikuwa cha kuamrisha, hakikuwa cha kualikwa. Alimgeukia Hilari. Hilari akamwambia kwa Kiingereza chake maneno machache. Bwana akatabasamu, akaashiria jikoni.

"Bwana amekubali," alitangaza Hilari. "Leo mtapewa sukari vipande viwili. Haya, kazini."

Ndipo Odilo alipotoka uani na kapu la nguo kichwani. Alilitua chini polepole. "Hilari, mtoto hakuomba sukari," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi mashambani. Kisha alimgeukia Bwana, akamweleza kwa Kiingereza. Sikujua maneno, lakini nilisikia jina la mama yangu, nikasikia neno mgowe mara mbili, na nikaona Odilo ananyoosha kidole kuelekea ng'ambo ya mto.

Bwana Soksi alicheka. Alitutazama akingoja na sisi tucheke. Hatukucheka, hata Hezekia. Tulisimama tu na majembe yetu, na kicheko chake kikakosa mwenzake, kikafa. Uso wake ukawa mwekundu.

"Toka," alisema. "Yote toka."

Tulitoka. Tuliporudi kupita kwenye maua, watu walikuwa wamenyooka, wamesikia kila kitu. Hilari alipaza sauti kwamba atakayeacha kazi atapelekwa kwa jumbe. Kisha Bibi Jeni alilivua kapu lake mgongoni, akaliweka chini katikati ya mstari, likiwa nusu.

"Nipeleke," alimwambia Hilari. "Nitamuuliza jumbe kama mgowe usiorudishwa ni mgowe. Naye ni Mbena, atanijibu."

Akatufuata. Mmoja mmoja, wengine wakatua makapu yao.

Usidhani tulirudi tukiimba. Siku mbili zilizofuata kijiji kizima kilikuwa na hofu. Wengine walisema watoto wa siku hizi wataleta balaa. Baba yake Hezekia alimchapa, kisha akanoa jembe lake. Mama hakunigombeza, lakini hakulala. "Umenialikia Mzungu kwangu bila kuniuliza," aliniambia gizani. Baadaye kidogo akasema, "Nitampa nini ale?" Nikajua hofu yake imeanza kuwa kitu kingine.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito. Nilisimama pembeni mwa shamba na Ema, tukingoja. Tulisikia majembe yakigongana kabla ya kuwaona watu. Walikuja wote. Walikuja hata wale ambao kwa wiki tatu walikuwa wanapita njia nyingine ili wasione magugu ya mama. Kila mmoja alibeba chochote alichonacho, huyu viazi, huyu maharage, huyu mtungi wa togwa, maana walijua ghala letu limekauka.

Bibi Jeni alitugawia mistari. Mstari mmoja katikati, ulio bora, aliuacha wazi. Alichukua jembe lake la akiba, akalisimamisha mwanzoni mwa mstari huo.

"La nani?" aliuliza Hezekia.

"La Bwana Soksi. Mtu akialikwa huwekewa jembe. Sisi tunajua adabu, kama yeye hajui."

Tulipalilia. Mwimbishaji alikuwa mama mwenyewe, mkono umefungwa, akitembea kati ya mistari na kata ya togwa. Kulia na kushoto magugu yalikwisha, mahindi yakatoka, mafupi na ya njano kidogo, lakini hai. Katikati ulibaki mstari mmoja wa magugu na jembe limesimama peke yake.

Saa sita Hilari alifika. Hakuwa na baragumu. Alisimama njiani, akavua kofia.

"Maua yanaharibika," alisema. "Bwana anasema mrudi. Anasema kuanzia leo atakayechuma atalipwa kwa debe, fedha mkononi, jioni hiyo hiyo. Watoto na wakubwa."

Tulitazamana. Mama alikaa chini palepale. Mtu mmoja alianza kufuta jembe lake ili aondoke, na Bibi Jeni akamtazama mpaka akaliacha.

"Mwambie Bwana tumesikia," alisema Bibi Jeni. "Jumatatu tutakuja wachache, wanaotaka, na tutaliangalia hilo debe lake lina ukubwa gani. Watoto Jumatatu wana shule, na Jumatano wana shule. Leo hatuwezi. Leo tuna mgowe."

Hilari hakuondoka mara moja. Alilitazama lile jembe lililosimama, akaelewa ni la nani, akavaa kofia yake na kwenda.

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipomwona mtu mwingine anavuka mto. Alikuwa na bunda la nguo begani na pasi ya mkaa mkononi. Alikuwa Odilo. Hakuhitaji kueleza. Mtu habebi pasi yake akitembea tu.

"Amekufukuza," nilisema. "Ni kwa sababu yangu."

"Ni kwa sababu ya mdomo wangu, na mdomo ni wangu mwenyewe," alijibu. "Usinipokonye. Nitakwenda Makambako. Pale njia panda watu wanapita na mashati yaliyokunjamana, nami pasi ninayo."

Alitua mzigo wake, akavua viatu, akakunja suruali. Akaenda mpaka katikati ya shamba, kwenye ule mstari mmoja wa magugu, akalishika jembe la Bwana Soksi. Alilima vibaya. Mikono yake ya sabuni ilitoka malengelenge kabla hajafika nusu, na Hezekia akamwambia kwamba hata Bwana mwenyewe angelima vizuri zaidi. Tulicheka wote, na Odilo akacheka kuliko sisi. Tukaingia mstarini, mmoja huku na mmoja huku, tukamsaidia mpaka ukaisha.

Kisha tulikaa ukingoni tukala. Wadogo zangu walilala mapajani mwa mama. Nilimuuliza mama, mbele ya watu wote ili asiweze kugeuka baadaye, "Baada ya Pasaka nitakwenda wapi?"

"Shule," alisema mama. "Utakwenda wapi tena?"

Odilo alikuwa anapuliza malengelenge yake. Ema alimwomba atuambie neno kabla hajaondoka, kama padre anavyofanya. Alikataa, akasema yeye ni dobi. Tulipomshikilia, aliweka kata chini.

"Watu husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa," alisema. "Mimi nimekaa nyumbani kwa mwenye shibe miaka saba, na nawaambia anamjua sana. Anajua jina lake, anajua mila yake, anajua siku ya kumwita. Asichotaka ni mwenye njaa amjue yeye. Basi mjueni. Msiiogope kazi, asiyefanya kazi hana la kusema mbele ya watu. Fanyeni kazi, tena vizuri, kama mlivyofanya leo. Someni ili siku nyingine msihitaji dobi wa kuwafasiria. Lakini kila mtu atakayewaita kazini, awe Mzungu, awe jumbe, awe ndugu yenu mwenyewe aliyetajirika, muulizeni lile swali: na wewe kwetu utakuja lini? Wa haki atawajibu. Akicheka, mwacheni alime mwenyewe."

Alinyanyuka, akavaa viatu. Alitaka kumrudishia Bibi Jeni jembe lake, lakini Bibi Jeni alilikataa.

"Chukua," alimwambia. "Umelima mgowe wetu. Siku ukiwa na shamba Makambako, tuite, tutakuja."

Odilo alilitia jembe begani pamoja na bunda lake, akashika pasi, akashuka kuelekea barabarani. Mwaka uliofuata, wakati wa palizi, alituita. Tulikwenda kijiji kizima.